Mnadi na Saa ya Maji

Watu wote walimwita Redio, na yeye aliitika bila kununa, maana jina lilimkaa. Alikuwa mnadi katika ukumbi wa mnada wa vyombo vilivyotumika: makabati, friji, vitanda, majiko, viti vya ofisi vilivyopoteza gurudumu moja. Ukimpa kabati lisilo na mlango atakuuzia hewa iliyomo ndani, nawe utamshukuru. Aliongea akiwa bado barabarani asubuhi, akaongea akifungua makufuli ya ukumbi, akaongea hata na mswaki mdomoni. Mkewe, aliyekuwa mpiga pasi katika duka la dobi, alizoea kumwambia, "Baba Bosi, hata redio zina kitufe cha kuzimia." Naye alijibu kwamba yake ilitoka kiwandani bila kitufe, na sasa hata pa kuirudisha hapajulikani.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kimya. Tuseme ni ugonjwa wa kazi. Mnadani kimya ni hasara tupu. Dau likisimama, mnadi hathubutu kuwaachia watu nafasi ya kufikiri, kwa sababu mtu akifikiri atakumbuka kwamba nyumbani tayari ana kabati. Hapo ndipo Redio alipokohoa kidogo, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, akainua nyundo yake ya mbao na kusema kwa sauti ya kuvuta, "Mara ya kwanza..." Halafu, "Mara ya pili..." Halafu akawatazama wote machoni kama anayewasikitikia. "Mara ya tatu!" Nyundo ikashuka, kitu kimekwenda, na hata ukija unalia umeshachelewa.

Bosi alikuwa binti yake, mtoto wa pekee, mwenye miaka tisa. Jina alilipata hapohapo ukumbini. Kila shule ilipofungwa alikuja na baba yake na kukagua vyombo kabla ya mnada kuanza: akafungua kila droo, akaifunga, akaifungua tena, akaisikiliza. Droo iliyokwama aliirudia mpaka ikubali. Wabeba mizigo wakawa wanasema, "Ngoja kwanza, Bosi hajapitisha," na hawakuwa wanatania, kwa kuwa siku moja walibeba kabati kabla hajalimaliza, akalia mpaka likarudishwa na mnunuzi akangoja. Mnada ukianza alijiingiza chini ya meza ya baba yake, akakaa huko mpaka mwisho. Alikuwa na usonji, na hakuwa akisema. Akitaka maji alikushika mkono akakupeleka bombani. Akitaka uondoke alikushika mkono uleule akakupeleka mlangoni, na hapo hapakuwa na mjadala.

Zamani alisema. Si maneno mengi, lakini moja lilikuwa la Redio. Alipokuwa bado anatembea kwa kushikilia viti, akisikia ufunguo ukizunguka kitasani jioni, kabla hata mlango haujafunguka alisema, "Baba." Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alilisema tu kwa utulivu, kama karani anayeweka tiki. Jioni moja ufunguo ukazunguka na neno halikuja. Redio alidhani mtoto amelala. Akamkuta ameketi palepale sakafuni, macho wazi, anazungusha kifuniko cha sufuria na kukitazama kinavyolala.

Tangu hapo Redio alikuwa na namna yake ya kuingia nyumbani. Alizungusha ufunguo polepole, akasikiliza, akaurudisha, akauzungusha tena. Jirani wa mlango wa pili alidhani kitasa kibovu, akamletea chupa ya mafuta ya cherehani. Redio aliipokea na kushukuru, akaiweka juu ya kabati, na kesho yake akazungusha ufunguo vilevile.

Hakumwambia mtu, lakini moyoni mwake kulikuwa na mnada. Jioni ya kifuniko ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa kliniki, pale daktari, mtu mpole asiye na kosa lolote, alipowaambia wamsaidie mtoto kujieleza kwa njia yoyote aliyonayo na wasikae wakingoja maneno. Mkewe alitoka mle ameshusha pumzi, akaanza kukata picha za vikombe na viatu na kuzibandika ukutani ili mtoto aonyeshe anachotaka. Redio alitoka akisikia kikohozi chake mwenyewe. Mara ya tatu hakuijua itakuja siku gani, ila aliiogopa, na kwa kuiogopa aliongea zaidi. Alimpenda Bosi mpaka kifua kikamuuma, na bado alikuwa na hamu naye, hamu kama ya mtu aliyesafiri, ilhali mtoto ameketi pale mezani anakula.

Jumamosi asubuhi walimpeleka kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, ambako watoto wachache wenye usonji walikutana na mwalimu aliyewahi kufundisha historia sekondari kwa miaka mingi. Wazazi walimwita Mwalimu wa Wagiriki, kwa sababu kila alichofanya na watoto kilitoka huko: picha za miungu na mashujaa, vyungu vya udongo walivyofinyanga wenyewe, mji mzima wa maboksi. Siku ya kwanza Redio hakuweza kujizuia.

"Mwalimu, samahani, mimi ni mtu wa makabati," alisema. "Hawa Wagiriki wa kale wanawahusu nini watoto wetu?"

"Kwanza wako mbali," mwalimu akamjibu, huku anapanga viti. "Hakuna mtoto hapa aliyewahi kugombezwa kwa habari zao. Halafu miungu yao haifichi kitu. Mwenye hasira anatupa radi, mwenye wivu anaonekana, kila mmoja ana kazi yake na kifaa chake mkononi. Mtoto aliyechoka kubahatisha nyuso za watu, hapo anapumzika."

"Kumbe kama ukumbini kwangu. Kila kitu na kibandiko chake."

"Haya, sema hivyo," mwalimu akasema, akampa viti abebe.

Na kweli ilifanya kazi, japo si kwa namna ambayo Redio angeitangaza mnadani. Palikuwa na mvulana mmoja ambaye kila mahali alizunguka chumba akigusa kuta, na kila mahali aliambiwa akae. Mwalimu alimsimulia habari za Talosi, mtu wa shaba aliyelinda kisiwa kwa kukizunguka mara tatu kila siku. Tangu hapo wote walimwita Shaba. Alizunguka kama kawaida yake, lakini sasa alikuwa kazini, na akimaliza alitangaza, "Kisiwa salama," ndipo akaketi mwenyewe. Mama yake Shaba alilia siku hiyo, halafu akasema ni vumbi la vitabu.

Bosi hakuchagua mungu wala shujaa. Alichagua maji.

Mwalimu alikuwa na saa ya maji. Katika mahakama za Athene ya kale, alieleza, kila aliyesimama kusema alipimiwa maji. Chungu kiliwekwa juu, kina tundu dogo chini, maji yakatiririka kwenye chungu cha pili, na mpaka yaishe zamu ilikuwa yake. Palikuwa na mlinzi wa maji. Ilipobidi kusoma ushahidi, mlinzi aliziba tundu ili muda wa mtu usiliwe bure. Mwalimu aliitengeneza yake kwa ndoo mbili ndogo za plastiki na kigoda. Kila mtoto alipata zamu. Aliyetaka kusema alisema, aliyetaka kuimba aliimba, aliyetaka kukaa kimya alikaa, na wengine wote walifunga mdomo mpaka tone la mwisho.

"Ila hapa kwetu hakuna mlinzi mwingine," mwalimu aliwaambia. "Mwenye zamu ndiye mlinzi wa maji yake. Akitaka kupumzika anaziba kwa kidole. Mtu mwingine asiguse."

Zamu ya Bosi ilikuwa ileile kila Jumamosi. Aliketi mbele ya ndoo, akainamisha kichwa, akasikiliza maji tangu yakiwa na sauti nene mpaka yalipobaki matone. Hakusema, hakuziba. Yalipoisha aliinuka na uso uliotakata kabisa. Mkewe Redio alisema hajawahi kumwona mtoto akiwa na raha kiasi hicho mbele za watu. Redio aliona raha hiyo, lakini yeye alikuwa akitazama mdomo.

Jumamosi moja mwalimu aliwasimulia habari za Orfeo. Mwimbaji, alisema, ambaye sauti yake ilitingisha mawe. Mkewe akafa, naye akashuka kuzimu kumwimbia mfalme wa huko, mfalme akalainika, akampa mke wake amrudishe juu kwa sharti moja: yeye atangulie, mke afuate nyuma, wala asigeuke mpaka wote wawili wawe juani. Wakapanda. Orfeo hakusikia hatua nyuma yake. Yeye mwenyewe alishafika kwenye mwanga, mkewe bado, akashindwa, akageuka. Akamwona mara moja tu, kisha mke akarudi alikotoka, na safari hiyo hakuna aliyefunguliwa mlango tena.

"Mpumbavu gani huyu!" Redio akaropoka kutoka kwenye viti vya wazazi. "Umeshafika mlangoni kabisa! Hatua mbili tatu umebakiza, ndiyo unageuka?"

"Baba Bosi," mkewe akanong'ona.

"Hapana, mimi nauliza tu. Kaambiwa sharti moja. Moja! Si orodha."

Mwalimu akatabasamu, akatandika kitambaa cheusi sakafuni kutoka kwenye rafu za nyuma mpaka dirishani penye jua. Kila mzazi atangulie, mtoto wake afuate, na mzazi asigeuke. Zamu ya Redio ilipofika alijipanga kifua mbele kama mwanajeshi. Hakugeuka, hilo tumpe haki yake. Lakini aliongea njia nzima. "Upo, Bosi? Nakuja na wewe, mwanangu. Tunapanda. Hapa pana kona, angalia mguu. Upo? Bado kidogo. Jua lile pale!" Alipofika dirishani akageuka kwa ushindi, mikono juu. Chumba kizima kilikuwa kikijizuia kucheka. Bosi hakuwa ameanza hata safari. Alikuwa kule mwanzo, amepiga magoti kando ya ndoo, anachovya kidole na kutazama tone likidondoka.

"Sikugeuka!" Redio alisema.

"Hukugeuka," mwalimu akakubali. "Ungenyamaza ungesikia kwamba hayupo."

Alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimkaa kooni mpaka nyumbani.

Haukupita muda, ikaja Jumamosi ambayo wazazi wote waliombwa waketi kwenye duara na watoto wakati wa zamu za maji. Mwalimu alikumbusha kanuni: midomo ya wakubwa ifungwe mpaka tone la mwisho. Alipomaliza macho yake yalibaki kwa Redio kidogo zaidi, watu wakacheka, naye akajifunga mdomo kwa vidole kama anayevuta zipu, akaiweka zipu yenyewe mfukoni.

Zamu ya Bosi ikafika. Aliketi, akainama, maji yakaanza. Shaba alikuwa akilinda kisiwa chake kwa hatua za polepole. Nje kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, kisha naye akapita. Maji yalipofika nusu, Bosi aliinua kichwa. Hakumtazama baba yake usoni. Alitazama mikono yake, ile mikono ya kushika nyundo, iliyokuwa imelala juu ya magoti. Koo lake likasogea. Akakohoa kidogo. Kisha akafungua mdomo, na sauti ikatoka, ya chini, yenye kutu ya kutotumika.

"Ma..."

Chumba hakikuwa na hata pumzi. Mtoto alikuwa amekaa na mdomo wazi, neno likiwa mlangoni, na kimya kikaanza. Kichwani mwa Redio, bila yeye kukiita, kikaanza kile anachokijua: mara ya kwanza, mara ya pili. Akaona kabisa linakwenda. Akaona linachukuliwa. Akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mama? Bosi, mama? Maji? Maji haya hapa! Mkate? Sema, mwanangu, sema, mama? Maji?" Na mikono yake ilikuwa ikienda kushoto na kulia, kama anayepokea dau kutoka pembe zote za ukumbi.

Bosi alifunga mdomo. Akaziba masikio kwa viganja, akateleza taratibu kutoka kwenye kiti mpaka chini ya meza, akageukia ukuta.

Maji hayakusimama. Mwalimu hakuyaziba, maana hayakuwa yake. Ilibidi wote wakae wayasikilize yakimalizika, na Redio amesimama katikati ya duara, mikono bado hewani, hajui aiweke wapi. Mkewe hakumtazama. Tone la mwisho lilipodondoka Shaba alisema, "Kisiwa salama," kwa sababu ndiyo kazi yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu.

Njiani kurudi mama na mtoto walitangulia wameshikana mikono, Redio nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, walitembea njia nzima bila yeye kusema kitu. Mlangoni mkewe akageuka.

"Ulibakiza kufunga mdomo tu," alisema. "Basi. Hakuna aliyekuomba zaidi."

"Nilitaka kumsaidia."

"Ulitaka kusikia."

Redio hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi nje mpaka viatu vya watu wa ghorofani vikamlazimu kusogea. Yule mwimbaji nimemtukana bure, aliwaza. Kumbe si upumbavu. Kumbe ni pale unapotaka kitu mpaka mwili wenyewe unakutangulia. Alilia kidogo, kwa aibu zaidi kuliko huzuni, kisha huzuni ikaja yenyewe ikamaliza kilichobaki. Hiyo ndiyo ya tatu, alijiambia. Nyundo nimeipiga mwenyewe.

Wiki iliyofuata alifika maktaba mapema kuliko wote, akapanga viti bila kuombwa. Mwalimu alimwacha apange.

"Mwalimu, nimeharibu," alisema mwishowe.

"Umemkatiza. Kuharibu ni neno kubwa."

"Nina hamu ya kumsikia. Yuko mbele yangu kila siku na nina hamu naye. Sijui nikuelezeje."

Mwalimu aliweka ndoo juu ya kigoda, akaijaribu kama haitikisiki. "Umeeleza vizuri," alisema. "Lakini Baba Bosi, wewe kila ukimtazama unasikiliza kitu ambacho hakipo. Vilivyopo ni vingi. Ile zamu yake ya kimya si tupu. Yeye yumo ndani."

"Na kama hatasema tena kamwe?"

"Basi hatasema," mwalimu akajibu kwa upole. "Na bado zamu itakuwa yake."

Jioni ile Redio alizungusha ufunguo mara moja tu, kama watu wengine, akaingia. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Jirani alipokutana naye asubuhi alimuuliza kama ametia mafuta, naye akasema ndiyo, ametia.

Kutoka ukumbini alileta makopo mawili ya rangi. Aliyasugua mpaka yakang'aa, akatoboa moja kwa msumari, akaliweka juu ya kigoda cha jikoni na jingine chini yake. Kila akirudi kazini alikaa sakafuni pale, Bosi akaja akakaa upande wa pili, maji yakaanza, na Redio akajitahidi kunyamaza. Msifikiri lilikuwa jambo jepesi. Siku ya kwanza alipiga mluzi bila kujua. Siku ya pili alisema "Aa, yanakwenda vizuri haya," na Bosi akamshika mkono akampeleka mlangoni. Siku nyingine alikaa kimya kweli, lakini alikuwa akitikisa goti kwa nguvu hata sufuria zikawa zinaongea badala yake. Mkewe, aliyekuwa akiwatazama kutoka kwenye meza yake ya pasi, alicheka mpaka akakaa chini, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu siku ile ya maktaba.

Ukumbini watu waliona mabadiliko. Baina ya mara ya pili na ya tatu Redio alianza kukawia. Nyundo ilikuwa juu, macho yake yako mbali, na wanunuzi wakitazamana. "Redio imeisha betri!" mmoja alipaza sauti. Wengine wakapandisha dau kwa wasiwasi tu wa kile kimya, na mwenye ukumbi, aliyekuwa ameshaanza kununa, akanyamaza naye.

Polepole, sakafuni pale jikoni, Redio alianza kusikia. Alisikia kwamba maji yana sauti tatu, na kwamba Bosi hupumua kwa kuyafuata. Alisikia kwamba binti yake huguna chinichini, karibu hakuna, sauti inayoweza kumpita mtu miaka yote, na kwamba guno hilo hupanda kidogo anapofurahi. Aliona kwamba ile nafasi ya sakafu aliyokaa Bosi ilikuwa ikisogea, siku baada ya siku, mpaka magoti yao yakagusana. Hamu haikuisha. Naomba mtu asiseme kwamba iliisha. Ilikaa tu, nayo ikajifunza kunyamaza pamoja naye.

Ikawa Jumapili baada ya chakula. Mama Bosi alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu kwenye chumba cha pili, mlango wazi. Bosi mwenyewe ndiye aliyejaza kopo, akaliweka juu ya kigoda, akaenda kwenye mfuko wa kazi wa baba yake uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango, akatoa ile nyundo ya mbao. Hakuwahi kuigusa kabla. Akaja akaketi, nyundo juu ya mapaja, maji yakaanza.

Sauti nene. Redio alitazama kopo. Sauti ya kati. Goti la binti yake lilikuwa na joto dhidi ya goti lake.

Bosi akakohoa kidogo, kikohozi kifupi cha kusafisha koo. Redio akakijua. Kilikuwa kikohozi chake yeye.

"Mara ya kwanza," Bosi alisema.

Aliisema yote, kwa mvuto uleule, na mwishoni sauti ikining'inia palepale ambapo Redio huiacha ining'inie. Miaka yote ile chini ya meza ya mnada, kati ya miguu ya makabati, alikuwa akisikiliza. Ndilo neno alilokuwa amelifikisha mlangoni Jumamosi ile, na baba yake akamrukia na mama na maji na mkate.

Redio hakusema kitu. Alikuwa ameng'ata midomo yake yote miwili. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, maana kuyafuta nako kungekuwa kelele. Na tuseme ukweli, hata hapo, katikati ya furaha ambayo haikumtosha kifuani, kipande cha moyo wake kilitaka lile neno jingine, neno la kitasani. Pasi ilikuwa imesimama chumba cha pili. Harufu ya shuka linaloanza kuungua ikaingia jikoni, na hakuna aliyeisogeza pasi.

Maji yaliendelea kushuka. Kimya kilikuwa kirefu kuliko chochote ambacho mnadi angekiruhusu. Bosi akainua nyundo kwa mikono miwili.

"Mara ya pili."

Sasa yalibaki matone, na kila tone lilidondoka peke yake. Redio alijua kinachofuata. Hakuna mtu duniani aliyekijua kama yeye. Ulimi wake ulikuwa umeshajipanga, koo limeshafunguka, miaka yote ya kazi ikimsukuma mgongoni amalizie, na palepale akaelewa anachokiogopa: kwamba ataisikia ya tatu kwa sauti ya mwanawe mwenyewe, nyundo itashuka, na kitakuwa kimekwenda. Akafumba macho. Akanyamaza.

Matone yakakoma.

Alidhani maji yameisha. Alipofumbua macho aliona kopo la juu bado lina maji kidogo. Nyundo ilikuwa imelazwa chini sakafuni, taratibu, bila mlio. Bosi alikuwa ameinama, amepeleka mkono chini ya kopo, na ameziba tundu kwa kidole.

Hakusema mara ya tatu. Aliketi tu, akimtazama baba yake mikononi, na maji yake yamesimama. Baada ya muda kidole kikamchoka, akaweka kingine. Redio akasogea karibu kidogo, akangoja.